Baba, nimekujibu swali lako la watoto wa chekechea

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi huku Ujerumani sijambo, baridi imeanza lakini kazi inaendelea vizuri.

Baba, swali lako la kwenye simu bado ninalo kichwani: inakuwaje mwalimu aliyesomea kazi yake akae na watoto wa miaka 3 hadi 6 asiwafundishe kuandika? Simu haikutosha kulijibu.

Watoto hawa huanza shule wakifika miaka 6 hivi. Kabla ya hapo wanacheza, na mchezo ndio somo lenyewe. Aliyelipigania wazo hili ni Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, Thuringia. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, na baba alitingwa na kazi za kanisa. Naamini upweke huo ndio uliomfundisha kumtazama mtoto kwa makini. Alijifunza kazi za misitu, akafundisha Frankfurt, akakaa na mwalimu mashuhuri Pestalozzi huko Yverdon, Uswisi, kisha Berlin akahudumia mkusanyiko wa madini. Ukiviona vifaa alivyowabunia watoto utajua kwamba mtu huyu alizoea maumbo ya fuwele, yale madini yenye pande bapa na pembe zilizonyooka. Mwaka 1837 alianzisha kituo chake Blankenburg, na mwaka 1840 akakiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Kifaa ninachokipenda zaidi ni kisanduku cha mbao chenye michemraba midogo 8 inayolingana, ambayo kwa pamoja inafanya mchemraba mmoja mkubwa. Haimwagwi mezani. Unakilaza kisanduku kifudifudi, unachomoa kifuniko kwa chini, unakinyanyua taratibu, na mtoto anauona mchemraba mzima umesimama. Auone mzima kwanza, ndipo augawe. Baba, hapo ndipo hisabati yako ilipo: nusu ni 4, robo ni 2, na mtoto ameishika nusu mkononi kabla hajasikia habari za sehemu.

Kisha anajenga, na vipande vyote vitumike. Juzi msichana mmoja alilaza vyote 8 katika safu mbili, akasema ni kitanda. Hakukibomoa. Alichukua viwili vya mwisho akavipandisha upande wa pili, kikawa kiti kirefu chenye egemeo. Sikumsifu, nilimuuliza kitanda kimekwenda wapi. Akanionyesha kwa kidole, kipande kwa kipande, kilipotoka na kilipokwenda. Kazi yangu ni hiyo: kutazama, kuuliza swali moja linalofaa, kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote.

Mama, na wewe umo humu. Fröbel aliwasikiliza akina mama kabla ya kuwafundisha walimu. Nyimbo za kumchezesha mtoto vidole alizikusanya akazichapisha mwaka 1844. Ulipokuwa ukituimbia huku umetushika vidole, ulikuwa unafundisha.

Inaniuma kwamba serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani wakati huo, ilizipiga marufuku shule hizi za chekechea mwaka 1851. Yeye akafariki mwaka uliofuata, na marufuku ikaja kuondolewa 1860. Waliozisambaza nchi nyingine ni wanafunzi na wafuasi wake, wengi wao wanawake. Nikiingia darasani asubuhi huwa nawakumbuka.

Mdogo wangu akianza kufundisha, asisubiri vifaa vya dukani. Fundi seremala amkatie michemraba 8, kila upande sentimita 3, yote ilingane kabisa, na pembe zisuguliwe kwa msasa zisimkwaruze mtoto. Aanze na watoto wachache mezani, kila mmoja na seti yake. Baba, naomba umsaidie kuipima ile mbao. Usahihi huo nakuamini wewe. Akishajaribu, aniandikie watoto walijenga nini.

Nisalimieni wote nyumbani.

Mwanenu anayewapenda