Malalamiko na maswali kuhusu sedani ya kifahari iliyouzwa bila kuandaliwa

Kwa Meneja wa Mauzo na Huduma baada ya Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Gari lenyewe ni sedani ya Kijerumani ya mwaka 2014, petroli, injini ya lita 2.0 yenye tabo, giaboksi otomatiki ya gia nane, iliyoingizwa kutoka Japani na kuuzwa katika yadi yenu. Namba ya chasi iko kwenye mkataba wa mauzo.

Gari ni zuri, na hilo nalisema mapema. Injini inavuta kwa ulaini tangu mizunguko ya chini, kelele za barabara haziingii ndani, na kwa kuwa Wajapani nao huendesha kushoto, usukani na mwanga wa taa za mbele havihitaji kuguswa. Simlalamikii mtengenezaji. Ninachokilalamikia ni kazi iliyopaswa kufanyika baada ya gari kutoka bandarini na kabla ya kukabidhiwa mnunuzi. Sehemu ya kazi hiyo haikufanyika kabisa, na sehemu nyingine imefanyika kwa vifaa visivyo vya gari hili.

Naanza na eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), kwa sababu hapo ni suala la uhai. Magari mengi ya miaka hiyo, ya Kijapani na ya Kijerumani, yalifungwa makopo ya kujazia eabegi yaliyotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata. Baruti yake ni nitrati ya amonia, na makopo mengi hayakuwa na kikausha unyevu. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi huiharibu baruti hiyo. Ajali ikitokea huwaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma hupasuka, na vipande humrukia aliyekaa nyuma ya usukani. Kwa Marekani peke yake zaidi ya watu 20 wamekufa hivyo. Hali ya hewa inayoyaharibu makopo haya ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar mwaka mzima. Nilipouliza kama gari hili limo katika orodha ya magari yaliyoitwa na watengenezaji yarekebishwe kasoro hiyo, na kama kopo lilibadilishwa kabla ya kusafirishwa, mfanyakazi wenu alijibu kwamba taa ya eabegi haiwaki, kwa hiyo hakuna tatizo. Jibu hilo ni la hatari. Taa ile hukagua saketi ya umeme, haioni hali ya baruti iliyo ndani ya kopo. Njia ya kupata uhakika ni kuiingiza namba ya chasi katika orodha ya mtengenezaji kwa soko la Japani, kisha kuniletea matokeo yaliyochapishwa.

La pili ni mafuta ya injini. Kadi mliyoining'iniza chini ya boneti inasema 20W-50, yaani mafuta mazito. Nimeshasikia hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo mafuta mazito ni salama zaidi. Kwa injini kuukuu za kabureta hoja hiyo ilikuwa na nafasi yake. Injini hii ina njia nyembamba za mafuta zinazoendesha vali za kurekebisha taimingi (wakati wa injini kuvuta na kutoa hewa), kikaza cheni kinachotegemea presha ya mafuta, na beringi ya tabo inayozunguka kwa kasi kubwa sana. Mafuta mazito huchelewa kufika huko asubuhi, ndiyo maana cheni inasikika ikigongagonga kwa sekunde chache mara tu injini inapowashwa. Inatakiwa mafuta ya 5W-30 au 0W-30 yaliyo sintetiki kamili, na nyuma ya galoni kuwe kumeandikwa kibali cha mtengenezaji wa gari hili. Kibali hicho ndicho cha kuangalia kwanza, namba za uzito zinafuata. Yanaingia takriban lita 5 pamoja na filta mpya. Naomba kazi hiyo ifanyike kwa gharama zenu, na mafuta yaliyomo yamwagwe yakiwa ya moto ili yatoke yote.

Betri nayo imebadilishwa, na imebadilishwa vibaya. Gari lenye mfumo wa kuzima na kuwasha injini kwenye foleni hufungwa betri ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa ndani ya mikeka na haichezi kama maji. Mmeweka betri ya kawaida ya maji, tena kwenye buti, na bomba la kutoa gesi nje limeachwa likining'inia. Betri ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni na mvuke wa asidi, na buti hiyo imeungana na sehemu ya abiria kupitia nyuma ya viti. Juu ya hayo, kompyuta ya gari haikuambiwa kwamba betri ni mpya. Inaendelea kuichaji kama AGM iliyozeeka, yaani kwa volti zinazoichemsha betri ya maji mpaka inakauka. Naomba AGM yenye ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji, bomba lirudishwe mahali pake, na betri isajiliwe kwa mashine ya kusomea gari.

Kuhusu tairi: za mbele ni zile zinazoweza kwenda bila upepo, za nyuma ni za kawaida. Hakuna spea, hakuna jeki wala wili spana, kwa sababu gari liliundwa likitegemea tairi zote nne ziwe za aina ya kwanza. Hizo, zikiishiwa upepo, kwa kawaida huruhusiwa kwenda takriban kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Ya nyuma ikipasuka kati ya Morogoro na Dodoma usiku, hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri gari la kuvuta. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi za nyuma ni 3413, maana yake zilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2013, na nyufa ubavuni zinaonekana kwa macho. Chagueni: tairi nne mpya za aina moja, au nne za kawaida pamoja na spea, jeki na spana.

Dashibodi na skrini bado ni Kijapani. Mliniambia nitazoea. Ujumbe wa kulanti (maji ya kupozea injini) kupungua, wa presha ya mafuta na wa breki vyote huja kwa maandishi ambayo dereva hawezi kuyasoma, na injini ya alumini ikichemka haisubiri mtu afungue tafsiri kwenye simu. Redio inaishia 90 MHz, wakati stesheni zetu zinafika 108. Naomba lugha na masafa ya redio vibadilishwe ndani ya kompyuta yenyewe, pale mfumo unaporuhusu, kabla ya kukimbilia kile kiboksi cha kuchomeka kwenye waya wa antena, maana kiboksi hicho huonyesha namba zisizo za stesheni. Fundi atakayefanya kazi hiyo aunganishe chaja ya kushikilia umeme muda wote, kwa sababu volti zikishuka katikati ya kuandika programu, kompyuta inaweza kufa.

Maswali yaliyobaki ni haya, nayo nayataka majibu kwa maandishi. Giaboksi ilibadilishwa mafuta lini? Mlisema ni ya maisha yote, lakini ZF ya Ujerumani, inayotengeneza giaboksi za gia nane za namna hii, inashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka 8, na kwa umri gari hili limeshapita. Kama sampo, yaani bakuli la mafuta chini ya giaboksi, ni ya plastiki yenye filta ndani, vinabadilishwa kwa pamoja. Kibandiko cha Kijapani kwenye mlango wa tangi kinataka petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani ni oktani 96 au zaidi. Nijaze ipi hapa? Ufunguo wa pili uko wapi?

Tangazo lenu lilisema gredi 4.5 ya mnada wa Japani na kilomita 68,000. Nipeni nakala ya karatasi ya mnada yenye mchoro wa gari, ili nione kama mlango wa nyuma kushoto una alama ya W, yaani uliwahi kunyooshwa, au XX, yaani ulibadilishwa. Rangi yake ina unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) zaidi ya 300, wakati milango mingine iko karibu na 120. Nipeni pia cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Nasubiri majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mkianza na lile la eabegi, ambalo haliwezi kungoja hayo mengine. Muda huo ukipita nitaliwasilisha suala hili Tume ya Ushindani, pamoja na picha za tairi, betri, kadi ya mafuta na vipimo vya rangi.

Wenu,
Mnunuzi

Viambatisho: nakala ya mkataba wa mauzo, risiti ya EFD, nakala ya tangazo, picha na vipimo vya rangi.