Reli ya mita moja haina kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Tangu SGR, ile reli mpya pana, ianze kila mtu anasema reli ya zamani ing'olewe tu iuzwe chuma chakavu, eti upana wa mita moja umepitwa na wakati. Mimi niko Uswisi, na huku kuna reli ya mita moja, kipimo kilekile cha Dar mpaka Kigoma, inapanda milima ya Alps tangu 1910 na mpaka leo watu wanagombania siti.

Inaitwa njia ya Bernina, inatoka St. Moritz inavuka mpaka hadi Tirano, Italia, kilomita kama 61. Mwinuko unafika 7 kwa 100, muulizeni dereva yeyote wa lori maana yake, na haina reli ya meno katikati, ni gurudumu na chuma tu, halafu ni ya umeme toka siku ya kwanza. Inafika mita 2,253 pale Ospizio Bernina kisha inateremka mpaka mita 429. 2008 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia.

Sasa kuna kistesheni kinaitwa Alp Grüm, mita 2,091. Barabara ya gari hakuna, unafika kwa treni au kwa mguu basi. Jengo lenyewe la mawe, ndani mgahawa na vyumba vya wageni. Treni inasimama watu wanashuka, baridi inakata masikio, mbele barafu ya Palü imening'inia mlimani, ukichungulia chini unaiona reli yako imejikunja kona nzima imerudi chini ya stesheni, ndo unakoenda huko. Watu simu juu, wengine wanaagiza supu kabisa wanasubiri treni ya nyuma.

Na haina spidi yani, zaidi ya saa mbili kwa hizo kilomita 61, basi la Arusha lingeicheka. Hakuna anayelalamika.

Najua mtasema Uswisi wana hela, sawa, lakini kusimamisha treni dakika kumi mchana kwenye mandhari nzuri kunataka hela gani? Tunayo Mombo, tunayo Korogwe, Usambara hiyo hapo juu. Wahusika wapange ratiba treni ya Arusha ipite pale kweupe, na mama lishe waruhusiwe kuuza chakula pale platifomu.

Msomaji wenu,
Uswisi