Jumamosi: kusafisha makaburi ya kanisa, Mpwapwa

Mbukwenyi wapendwa, Bwana asifiwe.

Safari yetu ni Jumamosi hii, siyo Jumapili tena. Wazee wa kanisa wameomba tusigongane na ibada. Koasta inatoka stendi ya Nanenane, Dodoma, saa 12 kamili asubuhi, kupitia Mbande na Kongwa. Haisubiri mtu.

1. Mchango Sh 25,000, nauli na chakula. Umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 2 usiku.
2. Mwenye fyekeo, reki au ndoo aje nayo.
3. Mawe yenye maandishi tunayaosha kwa maji matupu na brashi laini. Brashi ya waya, jiki, chokaa: hapana jamani! Herufi zikishakwanguka hazirudi. Tupige picha mapema, jua likiwa bado la upande, ndipo maandishi yanasomeka.

Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) walifika Mpwapwa mwaka 1876, na makaburi yao wengi wanayauliza. Mimi nawaza zaidi waumini wa hapa hapa waliowekewa rundo la mawe tu, bila jina. Marundo hayo msiyahamishe, hata kama yanazuia fyekeo.

Andika NAKUJA au SIJI leo kabla ya kulala, mpishi anasubiri idadi.