Mdogo wangu, hukuwa unamdhihaki Baba

Mdogo wangu,

Tangu tulipomzika Baba hupokei simu zangu, na jumbe ninazokutumia unazisoma bila kujibu, kwa hiyo nakuandikia hapa, ambapo najua hupita. Shangazi ataniuliza kwa nini naanika mambo ya nyumbani. Nitamjibu kwamba neno nililokutupia siku ya mazishi nalo nililitupa hadharani, waombolezaji wote wakisikia.

Usiku ule wa kuku wa mwaka 1998 haujanitoka. Baba alikuwa amekwisha kula firigisi yake, akashika paja, akaanza kuuvunja mfupa kwa magego na kufyonza uboho kama alivyozoea. Nilikuona ukikaza shingo. Kisha taya lako likaanza kwenda pamoja na la Baba. Akitafuna unatafuna, akifyonza unafyonza, ilhali kinywani mwako hamkuwa na kitu. Baba akauweka mfupa kwenye sahani, asiseme neno. Nilikuzaba kofi hadi tonge likakudondoka mkononi, nikakuamuru upige magoti umwombe radhi. Ulikuwa na miaka 13. Ulimwomba, na tangu siku hiyo ukawa unakula jikoni mpaka ulipohamia Nakuru.

Miezi hii nimesoma mengi. Hali ya mtu kuteswa na sauti za kawaida, kama za mwingine anayetafuna au kupumua, inaitwa misofonia, na jina hilo lilitungwa na Margaret na Pawel Jastreboff huko Marekani mwaka 2001, yaani miaka mitatu baada ya kofi langu. Sikutaji tarehe hizo ili nijitoe lawamani, ingawa nakuomba uzipime: ningelijuaje jambo ambalo hata mabingwa wa masikio walikuwa hawajalipa jina? Ni mwaka 2013 tu ambapo madaktari wa akili wa Amsterdam walichapisha maelezo ya wagonjwa 42 na kupendekeza vigezo vya kuitambua.

Unaikumbuka hoja niliyokuwa nikikupigia kila mara. Mvua ya Kakamega ikishuka juu ya mabati hata hatusikilizani, wewe ulikuwa unalala fofofo. Mwanangu wa kwanza alipokuwa akilia usiku kucha, ni wewe uliyembeba mgongoni ukazunguka naye uani ili mimi nipumzike, na sijasahau wema huo. Basi nilisema: mtu asiyeshindwa na mvua wala kilio cha mtoto atashindwaje na mzee anayetafuna, kama si dharau? Mwaka 2017 Sukhbinder Kumar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwapima watu wakisikiliza sauti za aina hizo hizo: mvua, mtoto anayelia, na mtu anayekula au kupumua. Kwa mvua na kilio, wenye misofonia hawakutofautiana na wengine. Kwa kutafuna na kupumua, moyo ulienda mbio, ngozi ikatoa jasho, na sehemu ya ubongo iitwayo insula, inayotuamulia ni jambo gani la kuzingatia, ikawaka kupita kiasi. Nilipofika hapo niliifunga simu nikaketi gizani.

Kisha nikasoma utafiti wao wa mwaka 2021. Walikuta kwamba kwa watu hawa sehemu za ubongo zinazohusika na kusikia zimeungana kwa nguvu zaidi na sehemu inayoendesha mdomo, koo na uso, kana kwamba kinywa cha mwingine kinakiingilia chako. Wako wanaoiga mtafunaji bila kukusudia, na baadhi husema kuiga huko huwapunguzia dhiki. Mdogo wangu, lile taya lako!

Lakini na wewe nina neno nawe. Baba alipolazwa ulikuja mara moja, ukasimama mlangoni kitambo kidogo, ukaondoka. Sasa naelewa kwamba ulikuwa ni ule mkoromo wa pumzi zake, ila mimi niliyelala sakafuni wiki sita sikuwa na namna ya kulielewa hilo, na ungeniambia kwa maneno mawili tu. Ndiyo maana nilipokukuta nyuma ya tangi la maji siku ya mazishi, unakula peke yako na pamba masikioni, nilipaza sauti: "Hata amekufa bado unamkimbia?" Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimepika kwa siku tatu.

Dawa iliyoidhinishwa kwa hali hii haipo, lakini tiba ya mazungumzo ipo. Huko Amsterdam waliijaribu kwa watu 54, kila wiki kwa miezi mitatu: walijifunza kuhamisha umakini, kuishirikisha sauti inayowakera na kitu kinachowapendeza, na kuulegeza mwili. Asilimia 37 ya waliotibiwa walipata nafuu ya kuonekana, na miongoni mwa waliokuwa wakingoja zamu hakupata hata mmoja. Tafuta hapo Nakuru mwanasaikolojia atakayekusikiliza, gharama tutagawana. Tiba yangu mimi ilikuwa "kaa hapo uzoee", na umeona ilikotufikisha.

Desemba tunajenga kaburi. Redio ya Baba, ile uliyokuwa ukiiongeza sauti kila chakula kikiandaliwa naye akikwambia uipunguze, nimeinunulia betri mpya. Itakaa mezani karibu nawe, na hakuna atakayeigusa.

Dada yako