Malalamiko kuhusu sailensa nyepesi 22 mlizotuuzia Arua

Arua, Uganda
10 Machi 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Makao Makuu, Mombasa.

Nakala: Meneja wa Tawi, Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: SAILENSA ZA PIKIPIKI ZILIZOHARIBIKA KABLA YA MIEZI MINNE

Pokea salamu kutoka Arua. Mimi ni fundi wa pikipiki, na huu ni mwaka wa saba nikitunza pikipiki za kikundi chetu cha akiba cha waendesha bodaboda. Naandika kwa uchungu, kwa sababu mwezi wa Novemba ni mimi niliyesimama mbele ya wanachama nikawaambia bidhaa yenu ni nzuri, nao wakatoa pesa kwa neno langu.

Tarehe 18 Novemba 2024 tulinunua kwenye tawi lenu la Kampala sailensa 22 za aina mnayoiita nyepesi, kila moja shilingi za Uganda 190,000, jumla shilingi 4,180,000. Nakala ya risiti nimeambatanisha. Leo, 13 kati ya hizo ziko sakafuni kwenye gereji yangu. Sita zimechanika kwenye breketi (kishikizo kinachoifunga sailensa kwenye pikipiki), tano zimeachia ribiti (pini za kubania bati) za kifuniko cha nyuma, na mbili zimetoboka ubavuni. Tisa zilizobaki bado ziko barabarani, ila nne kati yake nazisikia zikikohoa kabla hazijafika getini.

Kadi ya dhamana inasema mwaka mmoja. Nilipopiga simu tawini niliambiwa kwamba pikipiki zetu hubebeshwa mizigo kupita kiasi, hivyo dhamana imekufa. Nawaomba muitazame karatasi yenu wenyewe ya matangazo, ile tuliyopewa pamoja na mzigo. Picha ya kwanza ni ya bodaboda yenye abiria wawili na gunia limelazwa mbele ya dereva. Kazi hiyo ndiyo mliyotuuzia sailensa hizi, na ndiyo tuliyozifanyia.

Niwaeleze ya kwanza kuharibika, maana ndiyo iliyonifungua macho. Katikati ya Januari kijana wetu mmoja alirudi kutoka Rhino Camp ameifunga sailensa kwa waya wa kufungia nondo. Mlio wake ulitangulia kufika kabla yake. Nilipouondoa waya nikakuta bolti ya breketi imekaza kama nilivyoikaza mwenyewe, na ulehemu uko mzima, umekaa vizuri kabisa. Lakini juu ya ulehemu kulibaki kipande cha bati ukubwa wa kucha ya dole gumba. Ulehemu haukuachia, ukuta wa sailensa ndio uliochanika kuuzunguka, kama kitambaa kinavyochanika kando ya kifungo.

Nikaikata kwa grainda katikati. Nilipima ukuta kwa kalipa: milimita 0.8. Sailensa ya zamani ya pikipiki hiyohiyo, iliyokuja nayo kutoka kiwandani, nilikuwa bado ninayo kwenye rundo la vyuma, nikaipima pia: milimita 1.5. Ndani, bomba lenye matundu lilikuwa limeshikiliwa na vidoti vitatu vya ulehemu, na viwili vilikuwa vimeng'oka. Pamba ya kioo inayomeza sauti ilikuwa imepeperushwa yote. Kilichobaki ni vumbi la kijivu mdomoni. Picha zote zimo kwenye bahasha hii, na vipande ninavyo.

Ya pili ni ile iliyotuumiza zaidi. Sailensa iliyotoboka ubavuni ilikuwa ikipuliza moto kuelekea nje, upande wa abiria, na dereva hakujua kwa sababu tundu lilikuwa dogo. Mama mmoja muuza samaki alipanda steji asubuhi, na kabla ya kufika sokoni akapiga kelele. Shavu la mguu wake wa kulia lilikuwa na alama nyekundu ya mviringo, ngozi imeshainuka. Hapa kwetu watu wengi wana kovu la ekzosi mguuni, mtu hupandia upande usiofaa akagusa bomba. Huyu hakugusa kitu. Alikuwa amekaa alipopaswa kukaa. Kikundi kililipia matibabu yake, na wiki mbili hakufungua meza yake.

Sasa nije kwenye sababu yenyewe, kwa kuwa sitaki mnijibu kwamba ni bahati mbaya ya mzigo mmoja uliotoka kiwandani. Karatasi yenu inasema sailensa hizi zimebuniwa kwa kufuata vizuia sauti vya bunduki za uwindaji, "wepesi wa mwindaji kwenye pikipiki yako". Kaka yangu mkubwa alistaafu jeshini akiwa fundi wa silaha (ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki ninachowaandikia), nikampelekea karatasi hiyo aisome. Alisoma mara mbili, akaniuliza: mwindaji hupiga risasi ngapi kwa siku?

Swali hilo linatosha. Kizuia sauti cha bunduki hukaa kwenye ncha ya mtutu, mahali ambapo hata gramu mia huuvuta mkono chini. Mtu anayepanda milima siku nzima ili apige risasi moja au mbili ana haki ya kutafuta wepesi, ndiyo maana huchagua titani, ambayo uzito wake unazidi kidogo tu nusu ya uzito wa chuma, au hata alumini kwa bunduki ndogo. Risasi mbili haziwahi kuitia joto la kuidhuru. Lakini anayepiga mfululizo hafanyi hivyo. Titani ikipata joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi na kuendelea nguvu yake hushuka sana, na gesi ya moto yenye chembe za baruti huila. Kwa hiyo vizuia sauti vya kazi nzito hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu au kwa mchanganyiko wa nikeli na kromi unaoitwa Inconel, ambao hubaki na nguvu hata kwenye nyuzi 600 na ushee. Ni mzito kuliko chuma chenyewe. Wanaoutumia wanaujua uzito huo na wanaubeba, kwa sababu wamepima kazi kwanza ndipo wakachagua madini.

Bodaboda hupiga mfululizo, ndugu Meneja. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 5,000 kwa dakika hutoa miripuko 2,500 ndani ya dakika hiyo, na kijana wetu huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuzima usiku. Mmefuata mfano wa mwindaji kwa kazi isiyo ya mwindaji.

Tena hamkutumia hata titani. Ganda lenu la nje ni alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini haingoji kuyeyuka ndipo ilegee. Ikipita nyuzi 200 imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Halafu mmelifunga ganda hilo kwa ribiti za chuma. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila safari ganda linatanuka, ribiti inabaki. Injini ikizimwa ganda linarudi. Baada ya safari elfu moja tundu la ribiti limekuwa refu kama tundu la kifungo cha shati kuukuu, na kifuniko kinacheza. Zote tano zilizoachia ribiti zina matundu ya namna hiyohiyo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa gereji mwezi mmoja angewaambia.

Sisemi kwamba uzito ni sifa. Sailensa za zamani za chuma cha kawaida zilikuwa na kilo 4.1 kwenye mizani yangu, zenu zina kilo 2.3, na mwanzoni nilifurahi kwa dhati. Kitu kizito kinachoning'inia nyuma ya bolti moja hupigapiga breketi kwenye barabara za changarawe, na fremu kadhaa nimezilehemu kwa sababu hiyo. Chuma cha kawaida nacho kina ugonjwa wake: kila lita ya petroli ikiungua hutoa maji karibu lita moja, na kwenye safari fupi za mjini sailensa haipati moto wa kutosha kuyakausha. Maji yenye tindikali hulala chini ya tumbo la sailensa na kuioza kutoka ndani, hata kama rangi ya nje bado inang'aa. Nilitafuta kitu bora kuliko hicho, ndiyo maana nilisimama mbele ya wanachama. Lakini ile ya zamani ilioza kwa miaka minne au mitano, na ilipotoboka niliilehemu kwa elfu kumi ikaendelea. Yenu siwezi kuilehemu: bati la milimita 0.8 linayeyuka chini ya fimbo ya umeme, na alumini inahitaji mashine ya gesi ya agoni ambayo sina gerejini. Mwenye pikipiki ananunua mpya au anapiga kelele mjini mpaka trafiki amkamate.

Na wepesi huo tumefaidi nini? Kilo 1.8. Pikipiki yenyewe ina kilo zaidi ya 100, dereva, abiria wawili na gunia la mihogo. Hakuna kijana hata mmoja aliyeniambia petroli imepungua matumizi.

Tunachodai ni hiki. Mturudishie pesa za sailensa zote 22, zikiwemo tisa ambazo bado zinatembea, maana najua zinakoelekea na sitaki mguu mwingine uungue. Gharama za matibabu ya yule mama, shilingi 145,000, mzilipe. Risiti ya kituo cha afya imo. Na kwenye boksi la kila sailensa mnayouza Uganda muandike imetengenezwa kwa madini gani na ukuta wake una unene wa milimita ngapi, ili fundi aweze kuamua mwenyewe badala ya kuamini picha. Hili la mwisho kwangu lina uzito sawa na pesa.

Kama mkitaka kutuuzia tena, nitawaambia wazi tunachohitaji: bomba la ndani na ukuta wa chuma kisichoshika kutu, unene usiopungua milimita 1.2, breketi ikae juu ya kiraka kipana ili mvuto usikusanyike kwenye mstari mmoja wa ulehemu, na tundu dogo chini la kutolea maji. Alumini iwekeni kwenye ngao ya kukinga mguu, pale inafaa sana. Itafika kilo tatu na nusu hivi. Tutaibeba.

Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kazi aliyoelezwa na mnunuzi. Tawi lenu lilielezwa, na picha yenu inaonyesha kwamba mliijua kazi hiyo kabla hatujafika. Kikundi kinakutana Jumamosi tarehe 29 Machi, kugawana akiba kabla ya Idi. Nikifika siku hiyo bila jibu lenu la maandishi, wanachama wameshakubaliana kwamba barua hii pamoja na sailensa tatu zilizokatwa zipelekwe Shirika la Viwango la Uganda, na wakili wa kikundi apewe faili.

Sailensa zote 13 nimeziwekea namba kwa rangi nyeupe, pamoja na tarehe ya kufungwa na tarehe ya kuharibika. Mkimtuma fundi wenu aje azikague, nitampokea, nitamfungulia kila moja, na kalipa nitamwachia apime mwenyewe.

Wako katika kazi,

Fundi mkuu na katibu wa kikundi,
Gereji ya pikipiki, Arua.