Joto la injini kabla ya safari ya Jumapili

Habari zenu wanakikundi. Jumapili tunateremka Mai Mahiu hadi Naivasha, na jioni tunapanda tena kuelekea Limuru. Huko kupanda ndiko kunakonitia wasiwasi, hasa kwa Subaru zenye tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) zilizoongezwa nguvu.

Tafadhali msitegemee geji ya dashibodi pekee. Mshale wake hutulia katikati hata joto likiwa limepanda nyuzi kadhaa, na ukianza kusogea mara nyingi umeshachelewa. Mwenye kifaa cha OBD (kinachochomekwa kwenye gari kusoma vipimo vya injini) akiunganishe na simu. Kulanti (maji ya kupoza injini) ikiwa kati ya nyuzi 85 na 95, endelea. Ikipita 105, punguza mwendo, zima AC, washa hita. Najua ni kero, lakini hita inaondoa joto kwenye injini.

Kifuniko cha rejeta kikaguliwe na fundi kabla ya Jumamosi. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na mgandamizo huchemka huko kwenye nyuzi 93 hivi. Raba ya kifuniko ikipasuka, mgandamizo unapotea, na hata kulanti ya bei ghali haitakuokoa. Msikifungue injini ikiwa moto, mvuke unaunguza vibaya.

Waliobadilisha kulanti majuzi, hakikisheni hewa yote imetoka kwenye mfumo wa kupoza.

Ukiona joto linapanda, washa hazadi na uegeshe pembeni. Tutasimama wote. Nani hana kifaa cha OBD? Niandikieni leo, tugawane vilivyopo.