Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya askari wetu wa Zimamoto, Lindi

Sisi familia ya marehemu, ya Mtanda na Mingoyo mkoani Lindi, tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu mpendwa wetu, askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, alipofariki dunia akiwa kazini. Aliporomokewa na udongo kisimani baada ya kumfunga kamba kijana aliyetumbukia. Kijana yule alitoka hai. Alikuja matangani na mama yake, wakakaa nasi jamvini kutwa nzima. Ni mtoto wetu sasa.

Si rahisi kumtaja kila mmoja. Majirani mliopiga 114 kisha mkabaki kushika kamba, madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Sokoine, masheikh wetu, kina mama mliokesha jikoni, na watani zetu mliotuchekesha hata tulipokuwa hatutaki: Mwenyezi Mungu awalipe.

Kuna jambo tunataka kulieleza zaidi, kwa sababu ndilo lililotubeba. Miaka ya nyuma tulimpoteza ndugu mwingine, naye akiwa kazini, kwa mwajiri mwingine. Habari zilitufikia kwa picha iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp. Mama aliiona kabla yetu sote, na hajaisahau hadi leo.

Safari hii haikuwa hivyo. Marehemu alikuwa amejaza fomu ya watu wa kuarifiwa, na jina la kwanza aliandika la mjomba, maana katika ukoo wetu neno zito hupitia kwa mjomba. Maafisa wawili walimfuata nyumbani kwake, wakaongozana naye hadi kwa mke wa marehemu. Walikaa chini, wakasema "amefariki" bila kuzungukazunguka, kisha wakanyamaza pamoja nasi.

Afisa mmoja akapewa kazi ya kuwa na familia yetu tu. Kwa kuwa mjane yuko eda, karatasi zilimfuata nyumbani: fomu za mafao, maombi ya cheti cha kifo ya RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo cha kuteua msimamizi wa mirathi wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo. Hakuna aliyemwambia "njoo kesho". Afisa huyo alitueleza kuwa kituoni walishakaa na kupangiana haya kabla, nani aende kwa familia, nani abaki na askari. Akasema huko Marekani kuna taasisi iliyoundwa na Bunge lao mwaka 1992 kwa ajili ya wazima moto waliofia kazini na familia zao, nayo hufundisha vikosi kujiandaa kabla msiba haujabisha hodi.

Wenzake waliokuwa naye kisimani hawakurudishwa zamu siku ile. Waliletwa kwetu, wakalia nasi. Mmoja bado hapati usingizi. Mwanetu, tunakwambia hapa mbele ya watu: hukumwacha.

Nanyi askari, madereva wa magari ya wagonjwa na waokoaji wote, tunawaomba mzijaze fomu hizo, na mkihama, mkioa au mkibadili namba, mzirekebishe. Namba ya mjomba iliyoandikwa ilikuwa imeshafungwa zamani. Bahati, askari mmoja aliijua nyumba.

Khitma ya arobaini itasomwa nyumbani Mingoyo, Jumapili baada ya swala ya adhuhuri. Karibuni.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.